Mkurugenzi wa Kuomba

Barua ya kukatiwa msaada huanza kwa shukrani. Mkurugenzi alilijua hilo kama muuguzi anavyokijua kikohozi kibaya, kwa hiyo alipoifungua bahasha ile asubuhi ya Jumatatu na kukuta aya nzima ya shukrani ikifuatwa na aya nyingine ya shukrani, hakuhitaji kufika chini. Alifika hata hivyo. Juu ya saini, wafadhili walioilea nyumba ile kwa miaka tisa walikuwa wameandika: "Tunawatakia kila la heri." Aliilaza barua mezani, akaiwekea kikombe cha chai juu yake kana kwamba ingepeperuka, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa pili kutoka hospitali kuu: vitanda ishirini na vinane, jiko moja, ua wenye kamba za kuanikia nguo. Watoto wenye saratani waliletwa hospitalini kutoka mbali, safari ya siku nzima au siku mbili, wakapewa dawa kwa mizunguko. Leo, kisha baada ya wiki tatu, kisha wiki tatu nyingine. Kati ya mzunguko na mzunguko hawakuwa na pa kulala. Kabla nyumba ile haijakuwapo, akina mama walitandika vitenge barazani mwa hospitali mpaka walinzi walipowaondoa, kisha wakarudi kwao na mtoto aliyetibiwa nusu. Na mtoto aliyetibiwa nusu, daktari mmoja aliwahi kumwambia Mkurugenzi, hajapata nusu ya uzima. Hajapata kitu.

"Tuna wiki ngapi?" aliuliza Bibi Funguo. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba, mwanamke wa makamo aliyetembea na shada la funguo kiunoni likilia kama njuga.

"Tulichonacho kinatufikisha mwisho wa mwezi."

"Na Mwenyekiti wa bodi anasemaje?"

"Anasema nisipopata mfadhili mwingine, tufunge kwa heshima."

Bibi Funguo alicheka kicheko kikavu. "Basi na tuitandike hiyo heshima kitandani, tuone ni mtoto gani atapata usingizi juu yake."

Kazi ya Mkurugenzi ilikuwa kuomba, ila neno hilo halikutumika ofisini. Walisema kuchangisha, kushirikisha, kujenga ubia. Aliingia katika shirika miaka ishirini na miwili nyuma akiwa mpiga chapa. Siku moja bosi wake aliugua ghafla, na barua ya kuomba gari la wagonjwa ilitakiwa kabla ya saa kumi. Akaiandika mwenyewe, nusu ukurasa, bila neno hata moja la kujililia. Gari likaja. Tangu hapo hakuna aliyemrudisha kwenye mashine ya chapa. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akaandikwa magazetini, akaalikwa kuzungumza na wanafunzi wa vyuo. Alipoulizwa sanaa hiyo aliipata wapi, alijibu, "Kazini." Alipoulizwa habari za wazazi wake, alisema mama yake alifariki mapema na baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Yote yalikuwa kweli, kama mfuniko ulivyo kweli: upo, lakini kazi yake ni kuficha kilichomo.

Kilichomo kilikuwa hiki. Baba yake alikuwa fundi mpaka siku mtungi wa gesi ulipomlipukia usoni na kumchukulia macho yote mawili. Binti alikuwa na miaka saba. Kuanzia siku hiyo hadi alipotimiza kumi na miwili, alishika ncha moja ya fimbo, baba akashika nyingine, wakapita mlango kwa mlango. Huko ndiko alikosomea kazi yake. Alijifunza kwamba anayekutazama miguu kwanza atatoa kidogo, na anayeuliza maswali mengi hatatoa kitu. Alijifunza kutosimama mlangoni akamzibia mtu mwanga wake. Sema unachohitaji, kisha nyamaza. Ukimya nao una mkono, uachie upokee. Na juu ya yote kulikuwa na sheria ya baba, aliyomwambia kila asubuhi akimfunga vifungo vya gauni kwa vidole vya kupapasa: "Tunaomba, hatulii. Machozi ni ya nyumbani."

Mwisho wa safari hizo ulikuja kwa mshonaji mmoja mjane aliyesimamisha cherehani yake, akamtazama binti, akamwambia baba, "Niachie huyu asome. Wewe nitakutafutia fimbo nyingine." Alimsomesha mpaka chuo cha uhazili.

Juu ya sentensi ile ya baba Mkurugenzi alijenga kila kitu. Katika barua zake hakuna mtoto aliyelia. Katika mabango ya shirika, watoto walitazama kamera usoni, wamevaa vizuri. Wenzake katika mashirika mengine walimwambia anajinyima. Picha ya inzi kwenye jicho la mtoto, walisema, inafanya kazi ya barua mia. Yeye alishikilia msimamo wake, na kwa miaka mingi msimamo huo ulimlipa.

Sasa haukumlipa. Wiki ya kwanza alipita kampuni tisa. Wa bima walimpa maji ya kunywa. Wa benki walimpa kalenda, tena ya mwaka uliokuwa unakaribia kwisha. Meneja wa kiwanda cha sabuni alimsikiliza kwa makini mno, akauliza maswali kumi na saba, na lilipofika la nne Mkurugenzi alikwisha jua. Wiki ya pili aliwapigia simu watu waliowahi kumwambia, "Ukikwama, nipigie." Wengi walikuwa kwenye mkutano. Siku ya Alhamisi alijikuta amekaa kwenye ngazi za jengo la ghorofa sita, kiatu kimoja mkononi, akiutazama mguu wake uliovimba kama vile ni wa mtu mwingine, na akasikia wazo linapita kichwani wazi kama tangazo: nimekwisha.

Ijumaa alipokewa na Mzee Mabati. Ndivyo mji mzima ulivyomwita, kwa sababu nusu ya mapaa ya mji yalitoka kiwandani kwake. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Karatasi zako sijazisoma," alisema, akilisukuma kabrasha pembeni. "Mimi si mtu wa kusoma. Mimi ni mtu wa kuguswa. Unataka mwaka mzima?"

"Mwaka mmoja, mzee. Utatupa nafasi ya kutafuta—"

"Nitakupa. Jumatano ijayo kiwanda kinatimiza miaka thelathini. Nina wageni mia mbili, chakula cha mchana. Niletee mtoto mmoja na mama yake, wapande jukwaani. Watu wamwone. Kile kichwa kisicho na nywele, unanielewa? Mama aseme maneno mawili. Akilia, vizuri zaidi. Watu hufungua mkono macho yakiwa yamelowa."

"Sisi huwa hatufanyi hivyo, mzee."

"Najua. Ndiyo maana mko hivi mlivyo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anayesoma majibu ya vipimo.

Mkurugenzi alitaka kusimama. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Saa ngapi?"

Alimchagua Mama Pacha. Binti yake wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Pacha kwa sababu mwenzake mzima alibaki kwa bibi, alikuwa na saratani ya figo. Alikwisha kufanyiwa upasuaji na mizunguko minne ya dawa ilikuwa imebaki. Mkurugenzi alimkuta mama akianua nguo uani, akamweleza yote bila kupamba. Mama Pacha aliendelea kukunja.

"Dada, wewe una mtoto?"

"Sina."

"Ungekuwa naye, ungempeleka?"

Mama Pacha aliweka gauni dogo juu ya kapu, akalinyoosha kola.

"Nitakwenda. Nikikataa nitalala wapi na mwanangu? Unajua siwezi kukataa, ndiyo maana umekuja kwangu na hukwenda kwa yule mama wa chumba cha kwanza ambaye mume wake ana kazi. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba nimeona."

Baba yake Mkurugenzi alikuwa bado hai. Aliishi naye, katika chumba cha nyuma kilichopata jua la asubuhi. Jumapili ile binti alimtoa kibarazani kumkata kucha, kama alivyofanya kila wiki. Mzee alitulia, uso wenye makovu umeelekea kwenye joto.

"Baba, zile siku zetu za kutembea. Ulinichukua kwa ajili ya njia, au kwa sababu watu wanatoa zaidi wakiona mtoto?"

Mkono wa mzee ulikuwa ndani ya mkono wa bintiye.

"Yote mawili, mama. Njia ningeipata kwa fimbo. Lakini fimbo haina macho ya kumtazama mtu."

"Lakini hukutaka nilie."

"Sikutaka. Unaikumbuka nyumba ya geti la kijani? Yenye mbwa?"

Aliikumbuka. "Nyigu aliniuma mkononi. Nikalia, yule mama akatupa unga na blanketi."

"Hapakuwa na nyigu."

Kikata kucha kilisimama.

"Tulikuwa na siku mbili hatujatia kitu tumboni," mzee alisema. "Yule mama alikwisha sema hana. Nikasikia mlango unarudi. Nikakufinya, mama. Kwa kucha. Nikakufinya mpaka nikasikia ngozi inaachia. Ukapiga kelele, ukasema nyigu, nikakuacha useme nyigu. Miaka yote hii nangoja uniulize."

Yapo maneno ambayo mtu akiyasikia huinuka akaondoka, na yapo ambayo humkalisha hapo alipo. Mkurugenzi alimaliza mkono wa pili, kidole kwa kidole, kwa uangalifu ule ule. Kisha akaingia jikoni, akafungua bomba, akayatazama maji yakimwagika bila kuosha chochote. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kucha. Ni kwamba unga ule ulikuwa mtamu. Alikumbuka jinsi walivyokula siku ile, wakicheka, na baba akimpulizia alama ya mkononi ili nyigu asiendelee kuuma.

Jumatano mchana ukumbi ulijaa. Pacha alivaa gauni la njano na kitambaa kichwani cha rangi hiyo hiyo, alichojifunga mwenyewe mbele ya kioo na kukifungua mara tatu mpaka fundo likakaa pembeni alivyotaka. Walipoitwa, Mama Pacha alipanda amemshika mkono, Mkurugenzi nyuma yao. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa, alimwinamia mtoto.

"Hebu tuone, binti. Kitambaa hiki tukiondoe wageni wakuone vizuri, eh?"

Mkono wake ulikwenda kwenye fundo. Pacha alimtazama mama yake. Mama alitazama sakafu. Na Mkurugenzi, ambaye asubuhi nzima alijiambia asifanye lolote, akakishika kipaza sauti.

"Acha," alisema. "Nitaongea mimi."

Aliongea. Alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mtu: fimbo, milango, baba kipofu, geti la kijani, kucha. Sauti yake haikutetemeka. Alisema kwamba anaijua njaa inayomfanya mzazi amfinye mwanawe, na kwamba amesimama pale ili mama huyu asilazimike kufanya hivyo. Kisha akasema anachohitaji, akanyamaza, akauachia ukimya upokee.

Ukimya haukupokea kitu. Watu walitazama sahani zao. Mtu mmoja alikohoa. Makofi yalikuja machache na kwa adabu, kama matone ya mwisho ya mvua kwenye bati, na muziki ukawashwa haraka.

"Hadithi nzuri," Mzee Mabati alimwambia mlangoni, akimpa mkono huku akitazama saa. "Lakini ni ya zamani, mama. Nani atamlilia mtoto ambaye tayari amekuwa mkurugenzi? Hukuniletea nilichoagiza." Na mwaka ule mmoja ukaondoka naye kurudi mezani.

Gari la shirika lilisimama kwenye geti la nyumba. Pacha alikuwa amelala. Mama Pacha alizungumza polepole, asimwamshe.

"Nani alikuomba umfiche mwanangu?"

"Niliona anavyokutazama. Nikaona—"

"Mimi sikuona? Mimi ni mama yake. Kitambaa ni kitambaa, dada. Angekivua, angeona aibu dakika tano, jioni ningemfunga tena nikambembeleza. Mizunguko minne! Wewe umetoka pale na heshima yako. Mimi na huyu tumetoka na nini?"

Akamwinua mtoto begani, akaingia ndani. Mkurugenzi alibaki kwenye kiti cha nyuma. Dereva alimtazama katika kioo, akashuka, akaenda kusimama mbali.

Pale ndipo alipoelewa kitu ambacho hakikumfariji hata kidogo. Siku ile kwenye geti la kijani, mtu mwenye kiburi angegeuka na binti yake, akarudi nyumbani na njaa safi. Baba hakuwa na kiburi hicho. Alikuwa na mtoto.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa nje ya kiwanda cha mabati. Mlinzi alisema bosi hana nafasi. Akasema atangoja. Alingoja Alhamisi yote. Akangoja na Ijumaa, na mlinzi, mzee mwenye huruma ya siri, akamtolea kigoda akisema ni cha kwake ila leo mgongo wake unataka kusimama. Jumamosi, karibu na adhuhuri, gari kubwa jeupe lilisimama mbele yake na kioo kikashuka.

"Wewe tena! Leo umekuja na hadithi gani?"

"Sina hadithi. Naomba."

Neno lilitoka zima, bila ubia wala ushirikiano. Alijikuta amelishika gari kwa mikono miwili.

"Sitaki mwaka. Naomba miezi minne. Kuna watoto kumi na mmoja walio katikati ya dawa. Wamalize hao tu. Nakuomba, baba yangu. Nakuomba."

Machozi yalikuja. Hakuyaita, na hakuyazuia. Yalimshuka mpaka kidevuni, akayaacha yadondoke mbele ya mlinzi, mbele ya dereva, mbele ya wafanyakazi waliokuwa wanatoka zamu. Hata yeye mwenyewe hakujua kama alikuwa analia au alikuwa anajiliza. Kama kilio kilikuwa chake, au ndani yake kulikuwa na mkono uliotafuta mahali laini na kufinya.

Mzee Mabati alimtazama kwa muda mrefu. Uchangamfu ulimtoka usoni, akaonekana mzee kweli.

"Haya," alisema hatimaye. "Sasa umeongea." Kioo kikapanda.

Jumanne fedha za miezi minne ziliingia. Hakuna aliyepiga picha. Mwenyekiti alimpigia kumpongeza, akauliza alitumia mbinu gani, maana bodi ingependa kuiandika kwenye ripoti. Mkurugenzi alisema simu inakatikakatika.

Vitanda kumi na saba vilikunjwa, vikasimamishwa ukutani. Wale kumi na mmoja waliendelea. Mmoja alizikwa kwao katika mwezi wa pili, homa ya siku tatu tu. Wengine walimaliza mmoja mmoja, wakaondoka na mabegi na makopo ya dawa, na Bibi Funguo akawa anafunga vyumba nyuma yao. Mkurugenzi alikuwa bado anazunguka na kabrasha lake, kampuni kwa kampuni. Sasa alisema "naomba" popote alipoingia. Wengine liliwashtua, wakatoa kidogo. Wengine liliwashtua, wakamwita mlinzi.

Mama Pacha aliondoka siku sita kabla ya miezi minne kwisha. Pacha alikuwa na nywele fupi laini kama za kifaranga na hakutaka tena kitambaa. Mama alifunga mzigo, akasimama mbele ya Mkurugenzi pale uani. Hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu tangu siku ile.

"Nikifika nitakupigia," alisema.

"Nipigie."

"Sijui kama nimekusamehe."

"Najua."

Mama Pacha alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea chenji sahihi, akamwita mwanawe, wakaenda.

Geti lilikuwa bado wazi mwanamume mmoja alipotokea. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini, na mgongoni alibeba mtoto wa kike aliyelaza shavu begani mwake, macho wazi, hasemi kitu. Alisimama kando kidogo ya mlango, asimzibie mtu mwanga.

"Samahani, dada. Tumeelekezwa hapa na hospitali. Wamesema kuna nyumba ya wagonjwa."

Bibi Funguo alimtazama Mkurugenzi. Walikwisha kubaliana nini cha kumwambia mgonjwa mpya: hatupokei tena.

"Yuko mzunguko wa ngapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Bado. Ndiyo anaanza kesho."

Miezi sita, basi, kama mambo yakienda vizuri. Na wao walikuwa na siku sita. Mwanamume alikuwa anangoja, na katika kungoja kwake hakuomba zaidi ya alichokwisha kusema. Mkurugenzi alinyoosha mkono akalichukua begi lililoning'inia kwenye kiwiko cha mwanamume. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani.

"Kaa kwanza," alisema. "Mshushe mtoto. Nikuletee maji."

Alipogeuka kuelekea jikoni, Bibi Funguo hakuwa tena mahali pake. Kutoka chumba cha mwisho ilisikika milio ya funguo, mlango ukafunguka, kisha sauti ya godoro linakung'utwa vumbi.